Sita Iliyodondoka

"Mguu mmoja," daktari alisema. "Fumba macho. Mikono kiunoni."

Kerttu akanyanyua mguu wa kulia, akafumba macho, akatulia kama korongo aliyeshiba. Daktari, kijana mwenye soksi za rangi ya machungwa, aliitazama saa yake. Akasubiri. Akaitazama tena. Nje ya dirisha theluji iliyokuwa ikiyeyuka ilianguka kutoka kwenye paa, fungu zima, puu! Daktari ndiye aliyeshtuka. Kerttu wala hakutikisika.

"Basi, inatosha."

"Naweza kukaa hivi mpaka uende kula urudi," Kerttu alisema, bado macho amefumba. "Mguu wa pili hutaki? Usije ukaona wivu."

Daktari akacheka. Na ukishacheka na Kerttu, ujue umeshaingia mfukoni mwake.

Sasa, mtu wa kawaida aliyegonga kichwa ukimsimamisha kwa mguu mmoja huyumba kama mlevi anayetafuta ufunguo. Lakini Kerttu alikuwa akiteleza barafuni tangu hajaota meno ya ukubwani. Kusimama mguu mmoja juu ya kisu cha kiatu cha barafuni, chembamba kuliko kidole, huku anarudi kinyumenyume na tabasamu usoni, kwake ni kama wewe kukaa kwenye kochi. Kipimo kilikuwa kizuri. Kilikutana tu na mtu ambaye hakimpimi.

"Kizunguzungu?"

"Hamna."

Hapo wala hakudanganya. Hawa watelezaji wanazungushwa kama pia tangu utotoni, mpaka ubongo unachoka kulalamika. Kizunguzungu kwao ni kama mngurumo wa friji: upo, lakini nani anausikia?

"Na kichwa? Mwanga unakusumbua?"

Asubuhi hiyo, kituoni akisubiri basi, jua la mwezi wa tatu lilipiga kwenye theluji likamchoma nyuma ya macho kama mshikaki uliotoka jikoni. Alijifunga skafu ya bibi yake usoni, akapanda basi kwa kupapasa. Dereva akamwuliza kama anakwenda kuiba benki.

"Inakwenda," Kerttu alijibu.

Na huku ndivyo watu wanavyojibu. Ukiuliza hali, inakwenda. Nyumba imeungua, inakwenda. Mume ameondoka, inakwenda, naye anakwenda. Daktari mwenyewe mtoto wa hapa hapa Joensuu, atashtukia wapi?

"Haya," alisema. "Nitampigia kocha wako. Jioni ya leo unaanza na mazoezi ya nchi kavu. Ukijisikia sawa, unaingia barafuni kidogo kidogo. Ukijisikia vibaya hata chembe, unatoka. Wewe ndiye utakayejua. Nakuamini."

"Ukiniamini mimi hutajuta," Kerttu alisema, akavaa koti lake kinyume, akalivua, akalivaa tena sawasawa, akatoka kabla mtu hajaliona hilo.

*

Ile ajali yenyewe ilikuwa ya kijinga. Timu yao ni ya wanawake kumi na sita wanaoteleza pamoja kama mwili mmoja: wameshikana mabega, wameshikana mikono, wanajipanga mistari, wanafungua duara, wanapishana. Hakuna anayelipwa. Mmoja anafundisha chekechea, mwingine anauza miwani, mwingine anasomea misitu, na Kerttu anafanya kazi katika tanuri la mikate karibu na soko, anakunja marinda ya pai. Ni zile pai ndogo za unga mweusi zenye uji wa mchele katikati, ambazo mtu wa huku akizikosa asubuhi anaona kama hajaamka. Kidole gumba na cha shahada, bana, sogea, bana, sogea. Pai mia kadhaa kabla jua halijatoka, na marinda yote sawa kama yameshonwa kwa cherehani.

Kwenye mstari nafasi yake ilikuwa katikati, na yeye ndiye mpiga hesabu. Barafuni visu vinakwaruza mpaka muziki unasikika kama redio ya jirani, kwa hiyo lazima iwepo sauti moja. Sauti hiyo inahesabu moja mpaka nane, tena na tena, wengine wote wanageuka kwa hiyo. Sauti ya Kerttu ilikuwa kama birika lililochemka. Haikuwa nzuri, lakini haikupotea.

Basi siku hiyo wakati wa kupishana, kisu cha Iiris, yule mwalimu wa chekechea, kikanasa kwenye kisu chake. Kerttu akaenda chali, kisogo kikagonga barafu. Alipofungua macho aliona nyuso zimemzunguka, akauliza, "Nani kazima taa?"

Wakacheka mpaka wengine wakashika magoti. Ilichukua muda kabla Iiris hajatazama juu, akaona taa zote zinawaka, akamtazama tena Kerttu, akaona kwamba anauliza kweli.

*

Daktari wa kwanza alimpa amri: chumba chenye giza, hakuna simu, hakuna kusoma, hakuna kukimbia, hakuna kazini. Na hakuna sauna. Hiyo ya mwisho Kerttu alidhani amesikia vibaya.

"Mpaka lini?"

"Mpaka upone."

"Sasa mtu atapona vipi bila sauna?" bibi yake aliuliza walipofika nyumbani, kwa hasira ya kweli, kama vile daktari amekataza maji.

Kerttu alikuwa akiishi kwa bibi yake, Bibi Lempi, katika nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya njano nje kidogo ya mji. Bibi alifunga mapazia, akaongeza blanketi juu ya mapazia, akamwekea redio kwa sauti ya chini kabisa. Redio ilikuwa ikisoma hali ya hewa ya baharini. Bahari iko mbali kabisa na pale, na hapakuwa na mtu nyumbani aliyewahi kumiliki hata ngalawa ya kuchezea, lakini Kerttu aliisikiliza kutwa. Upepo wa kusini magharibi. Mawimbi ya wastani. Akaanza kuwahurumia mabaharia asiowajua, kisha akaanza kuwaonea wivu. Angalau wao walikuwa wanatikiswa na kitu.

"Kaa chini, mtoto," Bibi Lempi alimwambia. "Unanichosha macho."

"Si nimekaa, bibi."

"Matako ndiyo yamekaa. Miguu iko Tampere."

Na kweli. Tampere ndiko yalikokuwa yafanyike mashindano ya taifa mwaka huo, mwishoni mwa mwezi wa tatu, na miguu ya Kerttu ilikuwa imeshatangulia. Ikiwa chini ya meza ilikuwa inageuka. Ikiwa kitandani ilikuwa inapishana. Vidole navyo vikakosa adabu. Alikunja marinda kwenye pindo la blanketi, lote, kuzunguka pande nne. Alikunja marinda kwenye gazeti la bibi kabla bibi hajalisoma. Siku moja Bibi Lempi aliamka usingizini mchana akakuta ukingo wa aproni yake umebanwa marinda kama pai, naye amelala ndani yake.

"Ukiniweka na uji wa mchele," alisema, "nakuhama."

Jumamosi bibi alipoingia sauna peke yake, Kerttu alikwenda kukaa kwenye kile chumba cha kuvulia nguo, gizani, amevaa koti, ili tu asikie maji yakirushwa kwenye mawe ya moto. Tssss. Harufu ya majani ya mbetula, yale ya kujichapia mgongoni humo ndani, ikapita chini ya mlango.

"Nakusikia unavyopumua hapo nje!" bibi akapiga kelele.

"Napumua tu, bibi! Kupumua hawajakataza!"

Alijaribu kurudi kazini. Alichagua asubuhi moja aliyoamka bila kichefuchefu, akatembea mpaka tanurini kabla bibi hajaamka, akafunga kitambaa kichwani, akashika pai ya kwanza. Kisha mtu akawasha mashine ya kukandia unga. Ule mngurumo aliouzoea miaka yote uliingia sikio moja na ukakataa kutokea la pili. Walimkuta stoo, amekaa kati ya magunia, amejifunika gunia tupu kichwani. Bosi wake alimwitia teksi na kumpa pai sita za moto azibebe mapajani.

Lakini yote hayo angeyavumilia, kwa sababu ya tundu.

Timu yao ina desturi. Mmoja akiumwa, hawasogei kuziba nafasi yake. Wanamwachia tundu. Wa kulia na wa kushoto wananyoosha mikono na kushika hewa, mstari unakwenda na pengo lake kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, na kila mtu anajua pengo hilo ni la nani. Kerttu alilala akijua kwamba ukumbini, kila jioni, Iiris alikuwa ameshika mkono wake usiokuwepo.

Kisha Iiris mwenyewe akaja kumsalimia. Alikuja na keki za mdalasini, akakaa gizani ukingoni mwa kitanda, akazungumza habari za watoto wa chekechea kwake, nani kamng'ata nani. Alizungumza mno. Kerttu akamwambia, "Shosti, tapika."

"Nini?"

"Hicho kilichokukaa kooni."

Iiris akashusha pumzi. "Kocha amemweka Sohvi."

"Amemweka wapi?"

"Kwa muda tu, Kerttu."

"Kwenye tundu langu?"

"Tundu haliwezi kwenda Tampere. Majaji wanahesabu watu." Iiris akavunja keki vipande vipande bila kuila. "Hata gauni lako wamelipunguza kidogo. Kiunoni."

"Kiuno changu kina kosa gani?"

"Hakina kosa. Kipana tu."

Walicheka wote wawili, na Kerttu alicheka zaidi, mpaka kichwa kikamgonga kwa ndani kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Iiris alipoondoka alibaki ametazama giza. Sohvi. Mchezaji wa akiba, msichana wa miaka kumi na minane, anayesema "samahani" kwa ukuta akiugonga.

Siku hiyo Kerttu aliamua kupona. Akapona kwa nguvu. Akafungua mapazia, akavaa, akasafisha jiko ambalo lilikuwa safi, akachimbua theluji uani kwa koleo mpaka jirani akauliza kama kuna maiti anayemtafuta. Bibi yake akiuliza kichwa, kinakwenda. Akiuliza macho, yanakwenda. Akaomba miadi ya daktari. Na ndivyo alivyofika kwenye kile chumba, mguu mmoja juu, korongo aliyeshiba.

*

Jioni hiyo ukumbi wa barafu ulinuka kama siku zote: raba, soksi, kahawa. Wenzake walimpokea kwa makelele.

"Mzuka umerudi!"

"Nani kazima taa?"

"Ficheni viatu vyenu, Kerttu ameingia!"

Sohvi alikuwa ameegemea ukuta, chupa ya maji ameikumbatia kifuani, uso wake kama wa mtu aliyekutwa amevaa nguo za mwenyewe na mwenyewe karudi. Kerttu akamkonyeza. Sohvi akasema, "Samahani."

Kocha Marjut alikuja akichechemea na nyonga yake mbovu, kikombe cha kahawa mkononi. "Daktari kanipigia. Anasema unasimama kama nguzo ya umeme."

"Anajua kusifia mwanamke."

"Haya, basi. Tunatembea kwanza hapa koridoni. Sohvi, pumzika. Kerttu, chukua nafasi yako. Bila muziki. Sauti tu."

Kila timu ya mchezo huu inafanya hivyo: kabla ya barafu wanatembea mchezo mzima kwa raba, koridoni, mikono imeshikana kama walivyo barafuni. Mgeni akipita anaweza kudhani ni kundi la watu waliopotelewa na harusi. Iiris akamshika mkono wa kulia. Mwuza miwani akamshika wa kushoto. Kerttu akavuta hewa.

"Moja! Mbili! Tatu! Nne!"

Mara ya kwanza tangu ile ajali, miguu yake ikanyamaza. Siyo kwamba ilisimama. Ilikuwa inatembea, inageuka, inavuka, lakini ilinyamaza ndani, kama mtoto aliyepewa titi. Taa za koridoni zilikuwa na mlio mdogo, akaupuuza. Kuta zilikuwa zinasogea kidogo pembeni, akazipuuza. Tano, sita, saba, nane. Duara likafunguka. Mistari miwili ikaundwa, wanane huku, wanane kule, ikatazamana. Sasa wakaja kwenye kupishana: mistari inakwenda kukutana, kila mtu anageuka na kupita kinyumenyume katikati ya wawili wa upande wa pili, bila kutazama nyuma. Huwezi kutazama nyuma. Ukigeuza shingo umeshachelewa. Unachosikiliza ni sauti tu.

"Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano—"

Kilichofuata kilikuwa viwiko. Iiris akamwingia mwuza miwani mgongoni, mtu akapiga yowe, chupa ikabingirika, watatu wakakaa chini, mmoja akabaki amekumbatia mashine ya soda. Kisha kicheko kikapasuka korido nzima.

"Kerttu, mshenzi wewe!"

"Hata saa moja hajamaliza!"

"Nilijua tu! Nilijua!"

Maana alishawahi kuwafanyia. Kabla ya Krismasi alihesabu "tano, sita, kahawa, nane", na nusu ya timu ikageuka kwenye kahawa. Kerttu naye akacheka. Alicheka kuliko wote, mikono kwenye magoti, na akiwa bado ameinama akamwuliza aliyekuwa karibu, kwa sauti ya mchezo mchezo, "Vile nimefanyaje?"

"Si umeruka sita!" mwuza miwani akasema, akifuta machozi. "Tano, saba. Umetuua."

Kerttu akaendelea kucheka. Ila kichwani mwake aliirudia ile hesabu, na sita ilikuwepo. Aliisikia. Ilikuwa na sauti yake mwenyewe, imekaa pale pale kati ya tano na saba, nzima kabisa. Hakuna mtu mwingine aliyeisikia. Na wenzake wote, wanawake wenye akili zao, waliokuwa wakihesabu mpaka nane tangu utotoni, waligeuka kwenye saba bila kusita. Kwa sababu yeye kasema.

*

Upande wa pili wa kioo ile mashine kubwa ya kulainisha barafu ilikuwa inazunguka taratibu, inaacha njia nyeusi inayong'aa nyuma yake. Wakakaa kwenye benchi kufunga viatu.

"Umenichekesha leo," Iiris alisema, akivuta kamba. "Nilikuwa naogopa utarudi umepooza."

"Sikufanya makusudi."

"Mm."

"Iiris. Ile sita. Sikufanya makusudi."

Iiris akampiga kofi la paja. "Acha zako! Mimi nafundisha watoto wa miaka minne, na kwa kudanganya wanakuzidi wewe." Akasimama juu ya visu vyake, akaenda zake mlangoni, akitingisha mabega.

Kerttu akabaki na kamba mkononi. Akamaliza kufunga, maana vidole havikuuliza mtu. Kisha akasimama, akatembea juu ya mkeka wa raba mpaka alipokuwa Marjut, kwenye geti la kuingilia barafuni.

"Kocha. Nitazame."

"Nakutazama tangu una miaka tisa. Nimechoka."

"Ile sita sikuiruka kwa utani."

Marjut akanywa kahawa yake. "Kerttu. Jumapili tunashindana. Utani wako naupenda, Mungu anajua, lakini leo uache kwenye begi."

"Siyo utani."

"Mwaka jana ulinipigia simu kwamba umevunjika mguu. Nimekuja mbio, ukanikabidhi mguu wa sanamu ya dukani. Una soksi."

"Ule ulikuwa utani. Huu siyo."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Kerttu akaupapasa uso wake. Maisha yake yote hakuwahi kuhitaji uso wa kusema kweli, na sasa alipoutafuta, hakuukuta. Mashine ikapita mbele yao ikinguruma. Aliingoja ipite.

"Nihesabie," alisema hatimaye. "Yaani, mimi nihesabu, wewe sikiliza. Nane kwa nane, mpaka useme basi."

"Hesabu."

Akahesabu. Na tuseme ukweli, alihesabu kwa roho yake yote ili apatie. Alitaka kuaibishwa. Alitaka Marjut amwambie, unaona, mjinga wewe, ingia barafuni. Alishika ukingo wa geti, akatazama kidole gumba cha mkono wake, akazisukuma namba moja moja kama anavyobana marinda, bana, sogea, bana, sogea. Nane ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu. Marjut akaanza kutabasamu pembeni ya kikombe. Kerttu akaliona tabasamu hilo, akapata nguvu, akaongeza sauti.

Kisha kikombe kikasimama hewani.

"Endelea," Marjut alisema.

Akaendelea.

"Basi."

"Zimetimia?"

Marjut aliweka kikombe juu ya ukingo. "Wewe umezisikia zote?"

"Nimezisikia."

"Sita imedondoka mara mbili," Marjut alisema. "Na mara moja umesema tatu, tatu."

Mashine ilimaliza mzunguko wake wa mwisho ikaingia tumboni mwa ukumbi. Barafu ikabaki peke yake, mbichi, inatoa mvuke mwembamba. Hakuna aliyeikanyaga bado. Wenzake walikuwa wanajipanga kwenye geti la pili, wanasukumana kama watoto wa shule mbele ya mlango wa kantini.

Marjut akasema bila kumtazama, taratibu, kama mtu anayejisemea: "Iiris anaweza kupiga hesabu."

Kerttu akaligeukia geti.

"Wewe ukawa kwenye mstari tu. Kimya. Miguu yako haina neno, hata daktari kasema. Sohvi bado anachelewa kwenye kupishana, unajua. Kila siku namwambia, kila siku anachelewa." Akasugua nyonga yake. "Nasema tu. Wewe ni mtu mzima. Aliyemwona daktari ni wewe."

Hapo ndipo Kerttu alipotaka kusema ndiyo. Mwili mzima ulishasema. Uzito wake ulikuwa umeshahamia mbele, kwenye vidole, goti limeshalegea, mkono umeshaliinua komeo la geti. Jumapili. Dakika chache tu za muziki, na maisha yake yangerudi mahali pake. Nani angejua?

Iiris alikuwa wa kwanza kuingia. Aliruka barafuni, akajisukuma mara mbili, akageuka, akaja kinyumenyume kuelekea upande wao, kasi, mikono ameifungua kulia na kushoto kana kwamba ameshashikwa. Hakutazama nyuma. Nywele alikuwa amezifunga juu kabisa, na kisogo chake kilikuwa wazi, cheupe, kina alama ndogo ya kuzaliwa chini ya mstari wa nywele, ambayo Kerttu alikuwa hajawahi kuiona. Alikuwa anakuja hivyo hivyo, amestarehe, akijua kwamba aliyeko nyuma atampa njia.

Kerttu akaliachia komeo.

"Sitaingia," alisema.

Marjut akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Haya."

"Mwite Sohvi."

Sohvi akaja, amekunja mabega. Alipomwona Kerttu amekaa chini, kamba za kiatu kimoja zimelegezwa, alielewa kabla hajaambiwa, na rangi ikamtoka.

"Kerttu, mimi wala sikutaka—"

"Ulitaka. Wote tunataka. Sikiliza. Kwenye kupishana unachelewa kwa sababu unageuza shingo. Usigeuze. Hutaona kitu chochote cha maana huko nyuma, ni sisi tu. Iiris anakuja na kiwiko, siku zote, mbane. Na kama hesabu imepotea, usimfuate mtu. Fuata muziki."

"Samahani," Sohvi alisema.

"Na gauni likikubana, usinirudishie. Nenda, kabla sijaghairi."

Sohvi akaenda. Getini alijikwaa, akaliomba geti msamaha, akaingia. Iiris akageuka, akamwona nani amekuja na nani hakuja. Akasimama katikati ya barafu. Alimtazama Kerttu kupitia kioo, muda mrefu, mdomo umefunguka nusu. Kerttu akamwonyesha ulimi. Haikusaidia. Iiris alikuwa ameshaelewa, akaweka mkono mdomoni.

"Nimpigie yule daktari?" Marjut aliuliza.

"Nitampigia mwenyewe kesho asubuhi. Kuna vitu sikumwambia." Kerttu akavuta kamba ya kiatu cha pili. Fundo likakataa. Akalivuta tena, likakaza zaidi. Marjut akainama kwa shida, akishika nyonga, akalifungua kwa kucha.

*

Alitokea mlango wa nyuma ili asipite mbele ya kioo. Huko nyuma ya ukumbi, ambako mashine inamwaga kila inachokwangua, kulikuwa na kilima cha barafu ya majira yote ya baridi, kirefu kupita mtu, kijivu juu na cheupe pale kilipomwagwa karibuni. Watu wanasema hakiishi mpaka katikati ya kiangazi. Jioni ilikuwa bado ina mwanga, na hewa ilikuwa na ule unyevu wa theluji inayokata tamaa.

Kerttu akakikanyaga kwa kisigino. Kikazama kidogo, kikashika. Akapanda hatua chache, akakaa. Karibu na goti lake kulikuwa na pini ya nywele imejitokeza, na mbele yake kidogo shanga mbili tatu za gauni, za bluu, za timu ya mwaka gani sijui. Alizichokonoa kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na nyingine nyekundu, na chini ya hiyo kope ya bandia, imeganda imefumba.

Ng'ambo ya ukuta, nyuma yake, muziki ukaanza. Ukaenda kidogo, ukakatika. Sauti ya Marjut, maneno hayasikiki. Muziki ukaanza tena kutoka mwanzo.

Akachota barafu kwa mkono, chembechembe laini kama unga, akaiweka kwenye kisogo, pale pale, akaishikilia. Maji yakaanza kushuka ndani ya kola, yakifuata uti wa mgongo. Muziki ulikuwa unakaribia pale pa kupishana. Kerttu akabana pumzi, akasikiliza.